Kamera Ndogo Ninayoisubiri Jinja

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili ya kamera ambayo bado haijatoka. Sizungumzii kamera moja ambayo jina lake limekwisha kuvuja na ambayo mashabiki wanabishana juu ya rangi yake. Nazungumzia kamera ninayoijua kwa mahitaji yangu kabla ya kuijua kwa jina: ndogo, isiyo na kioo ndani, yenye lenzi ya kubadilishwa, na yenye umbo ambalo mkoba wa kawaida wa begani unaweza kulibeba pamoja na chupa ya maji na kitabu changu cha risiti. Kampuni za Japani hutoa kamera za aina hii kwa zamu. Sony ilitangaza A7C mwezi Septemba 2020 na A7C II mwezi Agosti 2023. Fujifilm ilitangaza X-E4 mwezi Januari 2021, kisha ikawaacha wateja wake wakisubiri hadi Juni 2025 ndipo ikaleta X-E5. Anayesubiri hasubiri muujiza, anasubiri zamu tu. Nimeamua kuandika yale ninayotaka kuyaona zamu hiyo itakapofika, pamoja na sababu zake, kwa kuwa kila nikisoma matamanio ya wapiga picha wa nchi nyingine naona kwamba mwanga wanaouzungumzia si mwanga wangu, na nyuso wanazozipiga mara nyingi si nyuso ninazozipiga.

Kazi yangu ni picha za harusi, za kwanjula (sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi), za ubatizo na za mazishi, na siku ambazo hakuna anayenilipa huwa napiga picha za mji wangu wa Jinja, Uganda. Nilikulia Walukuba, mtaa wa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ambako watoto wa makabila mengi tulicheza pamoja kwa Kiswahili, na hadi leo naandika kwa lugha hiyo ya uwanjani ingawa wateja wangu wengi huzungumza nami Kisoga au Kiganda. Mji huu uko chini ya nusu digrii kaskazini ya ikweta, na jambo hilo la kijiografia ndilo linaloamua mambo mengi katika kazi yangu kuliko kampuni yoyote ya kamera.

Jua huzunguka anga kwa digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kila dakika nne. Hapa kwetu hushuka karibu wima kama jiwe lililoachiwa mkono. Ukichukulia kwamba mwanga mzuri wa jioni, ule wa rangi ya asali ambao kila mpiga picha huukimbilia, huanza jua linapokuwa digrii sita juu ya upeo, basi muda wetu ni dakika 24 hivi mwezi Machi na Septemba, na dakika 26 mwezi Juni na Desemba. Mjini London mwezi Juni jua hushuka kwa mshazari, na safari hiyo hiyo ya digrii sita huchukua zaidi ya dakika 45. Mpiga picha wa kule ana nafasi ya kufungua begi, kuchagua lenzi, kufikiri na kubadilisha mawazo. Mimi nina dakika 24, na baada ya hapo giza huingia upesi.

Kwa sababu hiyo, sifa ya kwanza ninayoitafuta haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye tangazo lolote: muda unaopita kati ya kuigusa swichi na kupata picha ya kwanza yenye fokasi sahihi. Kamera ninayoitumia sasa huchukua karibu sekunde mbili kuamka, na ikiwa imelala kwa dakika kadhaa huchukua muda zaidi. Sekunde mbili ni kitu kidogo mezani. Ufukweni Masese alfajiri, wakati mtumbwi wa wavuvi wa mukene, yaani dagaa, unagusa mchanga na watu wanne wanaruka majini kwa pamoja kuuvuta, sekunde mbili ni picha nzima. Nataka kamera inayoamka kabla haijafika jichoni.

Inafaa nieleze kwa nini nasisitiza kamera isiyo na kioo. Kamera kubwa za kizazi kilichopita zilikuwa na kioo cha mshazari nyuma ya lenzi, kilichopeleka mwanga juu kwenye prizimu na kutoka hapo hadi jichoni. Ulipobonyeza, kioo kiliruka juu, shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ikafunguka, na mlio wake ukasikika kanisa zima. Kioo hicho kilihitaji nafasi. Katika mfumo wa zamani wa Nikon, umbali kati ya kishikio cha lenzi na filamu, au sensa inayonasa picha badala ya filamu, ulikuwa milimita 46.5, katika mfumo wake mpya wa Z, ulioanza mwaka 2018, umbali huo ni milimita 16. Kwa Canon umbali ulishuka kutoka milimita 44 hadi 20. Njia hiyo ilifunguliwa na Olympus na Panasonic, ambazo mwezi Agosti 2008 zilitangaza mfumo wao wa sensa ndogo, na mwezi uliofuata Panasonic ikaonyesha Lumix G1. Sony ilifuata mwaka 2010 kwa NEX-3 na NEX-5, kisha mwezi Oktoba 2013 ikaitia sensa ya fremu nzima ndani ya mwili mdogo wa A7. Wakati huo wote watu wengi wa fani hii hapa nchini tulikuwa bado tunanunua kamera za kioo zilizokwisha kutumika, kwa kuwa ndizo zilizofika madukani Kampala kwa bei tuliyoimudu.

Hata hivyo, udogo wa mwili wa kamera unaweza kumdanganya mnunuzi, na hapa naomba msomaji anayeweka akiba kama mimi asome polepole. Sensa ya fremu nzima ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24, yaani milimita za mraba 864. Sensa ya APS-C, inayotumiwa na kamera nyingi ndogo za Fujifilm na za Sony, ina takriban 367, na ile ya mfumo wa Olympus na Panasonic wa mwaka 2008 ina takriban 225. Mtengenezaji anaweza kuupunguza mwili wa kamera anavyotaka, lakini lenzi inayopaswa kuiangazia sensa ya milimita 864 kwa tundu pana, yaani linaloingiza mwanga mwingi, haiwezi kupunguzwa kwa amri ya idara ya masoko. A7C ina uzito wa gramu 509 ikiwa na betri na kadi, ambao ni uzito mzuri kabisa, lakini ukiifunga lenzi nzito ya kuvuta yenye tundu pana umekwisha kuupoteza udogo ulioulipia, na kamera inakuwa na pua nzito inayoinama kila unapoiachia shingoni. Mimi nimeamua kubaki na APS-C. Nina lenzi mbili ndogo zisizovuta, moja ya milimita 23 na nyingine ya 35, na pamoja na mwili mdogo zinanipa kitu ninachoweza kukipakia kwenye boda bila dereva kuniuliza kama begi lina vyombo vya muziki.

Sasa nifike kwenye jambo linalonishughulisha kuliko yote.

Kuna picha ya rangi ya harusi ya wazazi wangu, ya mwaka 1986, ambayo hadi leo iko ukutani nyumbani. Gauni la mama linaonekana hadi mshono wa mwisho wa lesi. Maua yanaonekana. Keki inaonekana. Uso wa mama, ambao watu waliokuwepo wananiambia ulikuwa uking'aa siku hiyo, ni kivuli chenye macho mawili na meno. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndivyo picha za zamani zilivyo. Nilipoanza kazi hii nilielewa kwamba kuna sababu kadhaa zilizokutana pale: jua kali, gauni jeupe, mpiga picha aliyeogopa kuliunguza gauni, maabara iliyosafisha picha kwa kufuata gauni, na filamu yenyewe. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha mitambo yao kwa kadi zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyochukuliwa kuwa rangi sahihi. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba miongoni mwa waliochochea filamu iboreshwe katika kuonyesha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri kwenye matangazo. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inaniumiza. Mbao zilisikilizwa mapema kuliko uso wa mama yangu.

Filamu imepita, lakini tatizo limebadilisha nguo tu. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kazi yake ni kuileta dunia karibu na kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukiujaza uso mweusi kwenye fremu, kamera hudhani kuna giza na kuongeza mwanga, na ngozi hutoka na rangi ya majivu ambayo haimo kwa mtu yule. Ukimweka mtu huyo huyo katikati ya wanaume kumi na watano waliovaa kanzu nyeupe, kamera hudhani kuna mwanga mwingi na kuupunguza, na uso unatoweka. Katika kwanjula hali zote mbili hutokea ndani ya dakika moja: ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, anasimama peke yake na gauni la gomesi la zambarau, kisha anageuka na nyuma yake kuna safu nzima ya kanzu. Juu ya vichwa vyao kuna mahema, na jua linalopita kwenye turubai la buluu au la njano linazipaka nyuso zote rangi ambayo mfumo wa mizani ya weupe, ule unaosawazisha rangi za picha, hauiwezi, kwa sababu nusu ya watu wako chini ya turubai na nusu wako nje.

Kamera isiyo na kioo ilinipa dawa ya kwanza ya kweli ya ugonjwa huu, nayo ni kitazamio cha kielektroniki. Kwenye kitazamio cha prizimu niliona dunia kama ilivyo na kukisia picha itakavyokuwa. Kwenye kitazamio cha kielektroniki naiona picha yenyewe kabla sijabonyeza. Nikizungusha gurudumu la kufidia mwanga, uso wa ssenga unafunguka mbele ya jicho langu, na mistari ya pundamilia inanionyesha ni sehemu gani ya kanzu inakaribia kuungua. Ndiyo sababu hunisikitisha kuona kampuni zikikiondoa kitazamio ili kuifanya kamera iwe nyembamba. Panasonic ilifanya hivyo kwa Lumix S9 mwezi Mei 2024, pamoja na kuiondoa shata ya mitambo, na najua kuna watu wengi ambao kamera hiyo inawafaa kwa video. Lakini mwenye wazo hilo na aje asimame uwanjani Jinja saa saba mchana mwezi Machi, jua likiwa karibu kabisa juu ya utosi, ajaribu kusoma chochote kwenye skrini ya nyuma. Ataona uso wake mwenyewe. Kamera ninayoisubiri iwe na kitazamio, kiwe kwenye kona ya kushoto ili pua yangu isiipake skrini mafuta, na kiwe na mwangaza wa kutosha kushindana na jua hilo. Kwa hili sina njia ya kati: bila kitazamio sinunui.

Jambo la pili katika mada hiyo hiyo ni kipima mwanga kinachofuata uso. Kamera za sasa hutambua macho ya binadamu, ya ndege, ya mbwa, hata magari na treni. Basi uwezo huo wa kuutambua uso utumike pia kuupimia mwanga kwa kuzingatia rangi yake halisi, si kwa kuuvuta kuelekea wastani. Upande wa simu Google ilikwisha kulifanya hili kuwa sifa ya kujivunia ilipotoa Pixel 6 mwezi Oktoba 2021 ikiwa na kazi iliyoiita Real Tone, na nimeona tofauti yake kwenye nyuso za watu wa rangi yangu. Inakuwaje simu ijishughulishe na uso wangu, na kamera ninayoinunua kwa ajili ya nyuso peke yake ikae kimya? Ningependa katika tangazo la kamera hiyo mpya nione ukurasa mmoja unaozungumzia jambo hili waziwazi, na picha za mfano ambazo bibi harusi wake ni mweusi na gauni lake ni jeupe. Nitazikuza picha hizo hadi mwisho wa uwezo wake kabla sijasoma sifa nyingine yoyote.

Fokasi inafuata hapo hapo. Mifumo ya fokasi hutegemea tofauti kati ya sehemu angavu na sehemu zenye giza, na uso mweusi kwenye mwanga hafifu humpa mtambo tofauti ndogo ya kushikilia. Mwaka jana, katika karamu ya jioni huko Bugembe, nilipiga picha 11 za babu wa bwana harusi akitoa baraka. Katika picha saba fokasi ilikuwa kwenye nakshi ya kifuani mwa kanzu yake. Nakshi ilitoka vizuri mno, kila uzi unahesabika, na macho ya mzee yamefifia. Alifariki miezi minne baadaye, na familia yake ilichagua moja kati ya zile picha nne zilizobaki. Nashukuru kwamba zilikuwepo. Lakini sitaki tena kuiachia bahati jambo kama hilo, na kama kamera mpya itaweza kulishika jicho la mzee mweusi chini ya taa moja ya balbu, nitaisamehe upungufu mwingine mwingi.

Nikiwa bado kwenye giza, nizungumzie shata ya kimya. Kanisani na msikitini, na zaidi ya yote makaburini, mlio wa shata ni utovu wa adabu, na kamera zisizo na kioo zinaweza kupiga bila mlio wowote. Tatizo ni kwamba sensa nyingi husomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na umeme wetu, ambao ni wa hezi 50, huzifanya taa nyingi za bei nafuu ziwake na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Sensa inaona, na picha inatoka na mikanda ya giza kama matuta ya shamba la viazi. Sony iliumaliza ugonjwa huu wa kusoma mstari kwa mstari mwezi Novemba 2023 ilipotangaza A9 III, kamera ya kwanza ya fremu nzima ambayo pikseli zote husomwa kwa wakati mmoja, lakini bei yake ilikuwa dola 6,000, nami sitarajii teknolojia hiyo ishuke hadi kwenye kamera ndogo katika zamu hii. Ninachokitarajia ni cha kiasi: sensa inayosomwa haraka zaidi kuliko niliyonayo, pamoja na shata halisi ya mitambo kwa zile dakika ambazo kimya hakihitajiki. Ziwepo zote mbili. Pia natarajia sensa inayoelea ili kufidia mtikisiko wa mkono, kama ile ambayo Fujifilm iliweza kuiingiza ndani ya X100VI mwaka 2024 huku ikibaki na gramu 521. Kwa sensa ya namna hiyo naweza kuishusha kasi ya shata hadi sehemu ya kumi na tano ya sekunde ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, mradi mchungaji amesimama tuli, na kuepuka ISO za juu, yaani kuikuza hisia ya sensa kwa mwanga, zinazoijaza ngozi chenga.

Umeme ni habari nyingine. Mtu anayeishi karibu na bwawa la Nalubaale, lililozinduliwa mwaka 1954 na ambalo nguzo zake za waya naziona kila siku, angetegemewa asiwe na hofu ya betri. Lakini umeme hukatika, na harusi nyingi ninazozipiga ziko vijijini, ambako jenereta ni la muziki kwanza na la chaja za watu baadaye. Betri ya kizazi cha zamani katika kamera ndogo za Sony ilikuwa na wati-saa 7.3; ile iliyomo kwenye A7C na kwenye a6700 ya mwaka 2023 ina wati-saa 16.4, na kwa kipimo cha chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, A7C inaweza kupiga picha 740 kwa betri moja kwa kutumia skrini. Hiyo ndiyo betri ninayoitaka, hata kama itauongezea mwili wa kamera milimita chache za unene. Nataka pia tundu la USB-C linalochaji kamera huku ikifanya kazi, kutoka kwenye pawa benki niliyoichaji kwa paneli ya sola mchana. Hapa nina msaada kutoka mahali nisipopatarajia: sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024 inavitaka vifaa vidogo vinavyochajiwa kwa waya, kamera za dijitali zikiwemo, viwe na USB-C. Sheria haikutungwa kwa ajili ya kijiji cha Kamuli, lakini waya ule ule unaochaji simu ya mwenye hema utachaji kamera yangu, na hilo linanitosha.

Vumbi. Kila anayesafiri kwa boda kwenye barabara za udongo mwekundu za Busoga anajua kwamba halibishi hodi. Kamera isiyo na kioo ina udhaifu hapa, kwa sababu ukiiondoa lenzi sensa iko uchi mbele yako. Canon ililipatia jibu rahisi katika EOS R ya mwaka 2018, ambayo huifunga shata yake kila unapoizima, na sioni kwa nini kila kampuni isifanye vivyo hivyo. Kuhusu mvua, tunazo misimu miwili kwa mwaka na mawingu ya ziwani hayatoi taarifa. Kampuni ya OM, iliyoirithi kazi ya kamera za Olympus, iliipa OM-5 ya mwaka 2022 kiwango rasmi cha kinga, IP53, kinachotaja vumbi na matone ya maji kwa namba zinazopimika. Kampuni nyingine hutumia maneno laini kama "inastahimili hali ya hewa", maneno ambayo fundi wa kamera hayatambui unapompelekea kamera iliyolowa. Naomba namba.

Mambo mengine nitayapita. Megapikseli 24 zinanitosha. Picha kubwa zaidi niliyowahi kuuza ilikuwa na upana wa mita moja, na hakuna aliyelalamika. Video ya 8K sitaitumia. Programu ya simu ya kuhamishia picha iwe ya kutegemewa, kwa sababu siku hizi familia inataka picha ya keki iwe imefika WhatsApp kabla keki haijaliwa, na mpiga picha anayesema "kesho" amekwisha kupoteza kazi ya harusi ijayo ya ukoo huo.

Lipo swali ambalo wenzangu huniuliza kila nikiitaja kamera ndogo, nalo ni la heshima. Hapa kwetu mteja hukupima kwa ukubwa wa chombo ulichokishika. Katika kwanjula moja niliyoipiga kwa kamera yangu ya sasa, ambayo nayo si kubwa, ssenga mmoja mwenye umri wa mama yangu alinivuta pembeni kabla wageni hawajafika.

"Mwanangu, kamera yenyewe umeiacha wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

Aliitazama, akanitazama, akasema, "Basi nionyeshe."

Nikampiga picha pale pale, akiwa nusu kivulini kando ya mlango, nikampa kitazamio atazame. Alikaa nacho jichoni muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akawaita dada zake wawili, na siku ile nzima hakuna mtu aliyeniuliza tena habari za ukubwa wa kamera. Kwa kuwa ni ndogo niliweza kukaa karibu yao walipokuwa wakimvika bibi harusi, na watoto walinisahau baada ya dakika kumi, jambo ambalo halikutokea hata mara moja miaka niliyobeba kamera ya kioo yenye lenzi nyeupe ndefu. Heshima ya chombo kikubwa ipo, nami siibezi, maana ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba kwa miaka mingi. Lakini ina gharama yake, na gharama hiyo inaonekana kwenye nyuso za watu waliojikaza.

Imebaki bei. X100VI ilitoka kwa dola 1,599, a6700 kwa dola 1,400 bila lenzi. Kwa shilingi zetu, dola 1,600 ni zaidi ya milioni tano, kabla hujaongeza usafiri na kodi ya VAT ya asilimia 18. Kwa mpiga picha wa Jinja hiyo ni hesabu ya harusi nyingi, na kwa sababu hiyo sitainunua kamera hiyo siku ya tangazo wala mwezi wa kwanza. Nitasubiri ifike dukani Kampala, nipande teksi asubuhi, na nimwombe muuzaji aniruhusu kutoka nayo hadi mlangoni. Nitamweka kijana wa dukani juani akiwa na shati jeupe, nitaizima kamera, nitahesabu, nitaiwasha, na nitatazama kwenye kitazamio kama uso wake na shati lake vinaweza kukaa pamoja ndani ya fremu moja. Vikikaa, nitalipa. Visipokaa, fedha hizo zitanunua lenzi ya tundu pana zaidi kwa ajili ya kamera niliyonayo, na saa kumi na mbili jioni nitakuwa nimerudi Masese.